Mjomba karudi kutoka India alikotibiwa saratani ya ini kwa mionzi, sasa tumbo linajaa maji na macho ni manjano. Wenye ujuzi naomba mnisaidie

Bint Wete

Assalaam alaykum wenzangu. Naandika nikiwa na wasiwasi mkubwa, na yeyote mwenye elimu au aliyewahi kuuguza mgonjwa wa aina hii naomba asipite kimya.

Mjomba wangu ana miaka 58. Homa ya ini B anayo tangu zamani, ilionekana alipokwenda kutoa damu. Mwaka huu akaanza kukonda na kuhisi uzito chini ya mbavu za kulia. Altrasaundi ya hapa Pemba ikaonesha uvimbe, CT ya Unguja ikathibitisha: saratani ya ini, tena juu ya ini ambalo tayari limejaa makovu, yaani sirosisi. Tukaambiwa kupasuliwa haiwezekani. Wanawe walioko Muscat na sisi wa hapa tukachangishana, akapelekwa India. Kule walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya ini, wakamimina chembechembe zenye mionzi. Siku ya pili alikuwa anatembea mwenyewe.

Alirudi Wete mchangamfu. Uchovu ulikuwepo na hamu ya kula ilikuwa ndogo, lakini tulishaambiwa hayo ni kawaida. Baada ya wiki tatu akawa anakwenda msikitini kwa miguu. Sasa imeingia wiki ya sita na mambo yamegeuka. Tumbo linavimba, miguu ukiibonyeza inabakisha shimo, na tangu juzi macho ni manjano.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mama anasema saratani imesambaa. Shangazi anasema ile mionzi bado inamchoma ndani na watoto wasilale chumba kimoja naye. Jirani kaleta chupa ya mizizi ya kusafisha ini. India tumeandika, majibu bado. Naomba kujua: hii ni saratani au ni tiba yenyewe? Tumrudishe kule? Na watoto wana hatari?

Mkaazi wa Jang'ombe

Waalaykum salaam. Allah amponye mjomba na akupeni subira. Mimi si daktari ila nakuomba kitu kimoja, hiyo chupa ya mizizi isifunguliwe kwanza mpaka mtu anayejua aje hapa. Nitamwita Tabibu, huwa anaingia usiku.

Tabibu wa Mjini

Waalaykum salaam dada. Nahudumia wagonjwa wa saratani hapa Unguja, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu suala lako ni zito na nimeliona kwa familia nyingine.

Kwanza la leo. Mjomba asikae nyumbani. Kesho asubuhi mpelekeni Abdalla Mzee pale Mkoani, na mchukue karatasi zote za India, hasa ile ya muhtasari wa matibabu na vipimo vya damu vya kabla ya tiba. Lakini kama ana homa, au anatapika damu, au choo ni cheusi kama lami, au amebadilika akili, analala mchana na kukesha usiku, anajibu ovyo, basi msingoje kesho. Nendeni sasa hivi.

Sasa nikueleze kinachoweza kuwa kinatokea. Ini hupata damu kwa njia mbili. Kiasi cha robo tatu ya damu yake huletwa na mshipa mkuu unaotoka matumboni, na iliyobaki huletwa na ateri ya ini. Uvimbe wa saratani hujilisha zaidi kutoka kwenye ateri. Ndiyo maana madaktari hupita njia ya ateri: wanamimina chembe ndogo sana za kioo au za resini, upana wake mikroni 20 mpaka 60, zilizobeba itriamu-90, yaani madini yanayotoa mionzi. Chembe zinanasa ndani ya uvimbe na mionzi yake husafiri kwa wastani milimita 2.5 tu ndani ya nyama, na haizidi milimita 11 hivi. Ni tiba yenye akili nyingi. Lakini hakuna ini ambalo chembe zote zitaingia kwenye uvimbe peke yake. Nyingine hubaki kwenye ini la pembeni lisilo na saratani, na nyama hiyo nayo hupigwa mionzi.

Ini lenye afya hustahimili. Ini lenye sirosisi lina akiba ndogo, na kipigo ambacho ini jengine lingekivumilia hilo hulilemea. Vimishipa vidogo ndani yake huvimba na kuziba, damu inashindwa kupita, maji yanachuruzika tumboni, na bilirubini, ile rangi ya manjano ambayo ini hupaswa kuiondoa kwenye damu, inapanda mpaka macho yanakuwa manjano. Mwaka 2008 Bruno Sangro na wenzake wa Pamplona, Hispania, walilieleza tatizo hili kama ugonjwa unaojitegemea: manjano na maji tumboni, mwezi 1 mpaka 2 baada ya tiba, bila saratani kuendelea na bila njia za nyongo kuziba. Tazama tena maneno yako mwenyewe, dada. Wiki ya sita. Tumbo. Macho.

Sisemi ndiyo hilo. Ili kulisema lazima mengine yaondolewe kwanza, na mengine hayo yapo manne ninayoyaogopa: saratani kuendelea, damu kuganda kwenye ule mshipa mkuu, njia ya nyongo kuziba, na kirusi cha homa ya ini B kuamka. Kila moja lina dawa yake, kwa hiyo msikubali jibu la kukisia kutoka kwangu wala kwa mtu mwengine yeyote. Waombe altrasaundi yenye kupima mwendo wa damu, bilirubini, albumini (protini inayotengenezwa na ini), INR (kipimo cha damu kuganda, ikipanda ini limechoka), vimeng'enya vya ini, figo, chumvi za damu, na wingi wa kirusi. Na maji ya tumboni yachotwe kidogo yapimwe kama yana maambukizi, hata kama hana homa.

Kuhusu watoto, mtulizeni shangazi. Itriamu-90 hupungua nusu kila saa 64. Baada ya siku 11 zaidi ya asilimia 90 ya mionzi imeshatoka. Kwa wiki sita kilichobaki hakifiki hata sehemu 1 katika 50,000 ya kilichowekwa. Zile tahadhari za kutompakata mtoto au kukaa karibu sana na mjamzito ni za siku chache za mwanzo. Sasa wajukuu wamkumbatie babu yao.

Bint Wete

Dokta nimesoma nikilia. Hana homa, hajatapika damu, akili yake ni nzima, jana alikuwa anamsahihisha mwanangu Qur'ani. Alfajiri tunaondoka kwenda Mkoani. Dawa ya tenofovir, ile ya kukizuia kirusi cha homa ya ini B, anakunywa kila siku hajaacha hata wakati wa safari. Shukran, shukran sana.

Mama wa Mapacha

Bint Wete pole mdogo wangu. Mume wangu alikuwa na saratani ya ini pia, ila yeye alipigwa mionzi ya nje, ile ya kulala kwenye mashine, Dar es Salaam. Kila siku nilikuwa namuuliza muuguzi mbona wanamfunga mkanda tumboni na kumwambia azuie pumzi, nikaelezwa kuwa ini linapanda na kushuka mtu akivuta pumzi, na wasipolidhibiti mionzi inakosa shabaha na kupiga pazuri.

Alimaliza salama, tukarudi Unguja, watu wakaja kutupa hongera. Hiyo hongera ndiyo iliyotuponza. Kila mmoja wetu alidhani tumeshavuka. Kufika mwezi wa tatu tumbo likaanza kujaa, ila macho yake hayakuwa manjano, na kwa sababu hayakuwa manjano tuliambiwa na kila mtu, hata kituo kimoja cha afya tulichokwenda, kuwa ni gesi. Alipewa dawa za gesi. Naomba Tabibu aeleze kama hali ile ni hii hii, maana mpaka leo sijaelewa.

Tabibu wa Mjini

Pole sana dada, na Allah amrehemu kama ametangulia.

Ni ndugu wa karibu lakini si hali moja. Mionzi ya nje ikilipiga ini zaidi ya uwezo wake huleta ugonjwa ambao kwa kawaida hujitokeza kati ya wiki 2 na miezi 4 baada ya tiba. Sura yake ya asili ni hiyo uliyoieleza: ini linavimba, maji yanajaa, uzito unaongezeka, na macho hubaki meupe mwanzoni. Katika damu kimeng'enya kiitwacho alkalini fosfatasi hupanda zaidi ya mara 2 ya kiwango cha juu cha kawaida, huku bilirubini ikiwa bado tulivu. Anayetafuta manjano peke yake atapitwa na ugonjwa huo. Ipo sura ya pili, ambayo huwapata zaidi wenye homa ya ini B au sirosisi: vimeng'enya vya ini hupanda zaidi ya mara 5, au kazi ya ini kwa jumla hushuka kwa kasi.

Zamani walipokuwa wakipiga ini zima, ilijulikana kuwa ukifika kiasi cha grei 30 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mafungu madogo madogo, hatari inaanza kuwa ya kweli. Sasa mashine zinalenga uvimbe kwa mafungu machache makubwa, mara nyingi 3 mpaka 5, na mpangaji hulazimika kuhakikisha sehemu kubwa ya ini lisilo na saratani imebaki nje ya mionzi. Kanuni moja inayotumika sana ni kuwa walau mililita 700 za ini zipate chini ya grei 15 kwa jumla ya mafungu 3. Mtu mwenye ini lililosinyaa huenda hizo mililita 700 hana. Ndiyo maana mgonjwa mmoja anakubaliwa na mwengine anakataliwa, na familia zinadhani ni upendeleo.

Nakubaliana nawe kwa moyo wote juu ya hongera. Mgonjwa akishuka kwenye boti tunaona safari imekwisha, kumbe kwa ini ndiyo kwanza inaanza. Wiki ya 4 mpaka ya 8 kwa chembechembe, na mpaka mwezi wa 4 kwa mionzi ya nje, hicho ndicho kipindi cha kumtazama mtu kwa macho mawili, na ndicho kipindi ambacho yuko mbali kabisa na waliomtibu.

Shamba la Karafuu

Samahani lakini mimi nitasema linaloniuma. Kwa nini basi watu wanapelekwa huko? Mtu anakwenda akitembea anarudi anajaa maji. Baba yangu mdogo alikataa tiba zote akafia nyumbani kwake Konde kwa heshima, kazungukwa na watoto. Naona mionzi hii ni biashara ya kumaliza mashamba ya watu.

Tabibu wa Mjini

Sheikh, uchungu wako nauheshimu, na uamuzi wa ami yako ulikuwa haki yake. Kuna wagonjwa ambao mimi mwenyewe nawashauri wasiende, hasa ambao ini limeshachoka, manjano yapo, tumbo limejaa kabla hata ya tiba. Kwa hao mionzi huharakisha mwisho. Bilirubini ikizidi miligramu 2 kwa desilita kabla ya kuanza, daktari makini husita sana kumimina chembe kwenye ini zima.

Lakini si kweli kwamba ni biashara tupu. Mtu mwenye uvimbe mmoja, ini lake likiwa bado lina nguvu, chembe zikimiminwa kwenye kipande kimoja tu, anaweza kupata miaka mizuri. Na tusizidishe upande wa pili pia. Ufaransa walifanya utafiti mkubwa uitwao SARAH, ukachapishwa mwaka 2017, wakawalinganisha wenye saratani ya ini iliyokwenda mbali: wengine chembe za itriamu, wengine vidonge vya saratani viitwavyo sorafenibu. Umri wa kuishi haukuongezeka kwa waliopewa chembe; wastani ulikuwa miezi 8.0 kwa chembe na 9.9 kwa vidonge, tofauti ambayo kitakwimu haikuhesabika. Walichopata waliopewa chembe ni madhara machache zaidi na maisha yenye nafuu. Familia inapouza shamba ina haki ya kuambiwa namba hizo waziwazi, kabla, kwa Kiswahili.

Muuguzi Mkoani

Naongeza kutoka upande wa wodi. Wanaorudi kutoka nje wanakuja na mkoba wa karatasi, ndani yake mna picha, risiti, na barua ya kurasa nyingi. Tunachokihitaji sisi ni mambo machache na mara nyingi hayaonekani haraka: chembe ziliwekwa upande gani wa ini, upande mmoja au pande zote mbili, kwa grei ngapi, ni mara ya ngapi, mapafu yalipata kiasi gani, na bilirubini ilikuwa ngapi siku ile. Muandike hayo kwenye ukurasa mmoja, mwombe daktari wa kule atie sahihi, na mkae nao kama mnavyokaa na pasi ya kusafiria. La mapafu nalitaja kwa sababu kabla ya tiba wanapiga picha ya majaribio kwa teknetiamu, dawa yenye mionzi hafifu, kuona chembe ngapi zitakimbilia kwenye mapafu, na mgonjwa akija hapa na kifua kinambana baada ya miezi miwili tusipojua hilo tutamtibu nimonia bure.

Bint Wete

Ndugu zangu tumefika, amelazwa, amepokewa vizuri. Lakini nimechanganyikiwa. India kabla ya tiba bilirubini iliandikwa 1.6. Leo hapa wameandika 92! Mtoto wake wa Muscat kasikia namba hiyo kazimia kwenye simu. Albumini ilikuwa 3.4, leo 26. Hiyo mbona imepanda vizuri? INR ilikuwa 1.2 leo 1.6. Tumbo lina maji ya kiasi cha kati.

Tabibu wa Mjini

Mpigieni simu huyo ndugu sasa hivi mumtulize. India wamepima kwa miligramu kwa desilita, hapa kwa mikromoli kwa lita. Ni sawa na mmoja kupima mchele kwa kilo na mwengine kwa pishi. Gawa 92 kwa 17.1, unapata karibu 5.4. Kwa hiyo imepanda zaidi ya mara tatu, si mara sitini. Albumini ni kinyume chake: 26 ni gramu kwa lita, kwa kipimo cha India ni 2.6, yaani imeshuka kutoka 3.4.

Sitakuficha, bado ni jambo kubwa. Tuna hesabu iitwayo Child-Pugh inayojumlisha bilirubini, albumini, INR, maji tumboni na hali ya akili; alama zikiwa nyingi ini ni dhaifu zaidi, A ndiyo nafuu na C ndiyo mbaya. Kabla ya tiba mjomba alikuwa na alama 6, daraja la A, ndiyo maana walimkubali. Leo ana kama 10 au 11, hilo ni daraja la C. Kushuka hivi kwa wiki sita kunahitaji wodi, na namshukuru Mungu yupo wodini. Je, maji yamechotwa? Altrasaundi imesemaje?

Bint Wete

Yamechotwa, wamesema chembe nyeupe ni chache, hakuna maambukizi. Altrasaundi: njia za nyongo hazijapanuka, mshipa mkuu unapitisha damu. Wanataka aende Mnazi Mmoja kwa CT. Kipimo cha kirusi kimepelekwa Unguja. Hapa wodini Bi mmoja ananiambia nimpe mjomba supu nyepesi tu, nyama na samaki viondoke kabisa maana ini linachoka. Na shangazi anaulizia kombe na habasoda.

Muuguzi Mkoani

Samaki asiondoke! Hilo la kuwanyima protini wagonjwa wa ini ni la zamani na linawamaliza misuli. Mjomba anakonda huku tumbo linakua, watu wanaona tumbo wanadhani amenenepa. Mtazameni mapaja na mabega. Mpeni samaki mbichi wa kuchemsha au kupaka kwa nazi kidogo, mayai, maharage, kunde, maziwa ya mgando. Ale kidogo kidogo mara nyingi, na usiku kabla ya kulala apate kitu, uji wa maziwa au kipande cha mkate na yai, maana ini lililochoka halina akiba ya kumvusha usiku mrefu.

Kinachoondoka ni chumvi. Ng'onda, papa mkavu, achari, vidonge vya supu, chipsi za barabarani. Kwa sisi watu wa Pemba kuambiwa tusile ng'onda ni mtihani, nafahamu, lakini chumvi ndiyo inayoyarudisha maji tumboni kesho yake baada ya kuchotwa. Ndimu, tangawizi, kitunguu thomu na pilipili vitampa ladha.

Dawa za maumivu: panado inaruhusiwa, isizidi vidonge 4 vya miligramu 500 kwa siku nzima. Diklofenaki na ibuprofeni hapana kabisa, zinaua figo za mtu mwenye maji tumboni. Na ahakikishe anapata choo kila siku. Wakimpa laktulosi msiseme inamharisha mkaacha, kazi yake ni kuzuia sumu isipande kichwani.

Mzee Kojani

Nami niseme juu ya kombe na mizizi, kwa sababu mimi ni mtu wa kusoma na watu huja kwangu. Kumsomea mgonjwa hakuna ubaya, ni rehma, na msiache. Lakini mizizi inayochemshwa, hata ikitoka kwa mtu mwema, inapita kwenye ini lile lile lililoungua. Mtu hawezi kumwambia ini lipumzike huku anamimina chupa isiyojulikana imechanganywa nini. Nimewahi kuwarudisha watu hospitali na chupa zao mkononi. Bint Wete mwambie jirani shukran, na chupa iwekwe kando. Na mwezi wa Ramadhani ukifika asifunge mpaka madaktari waseme. Qur'ani imemruhusu mgonjwa kwa maneno ya wazi.

Mama wa Mapacha

Maneno ya Mzee yamenituliza. Tabibu, swali langu: huo ugonjwa una dawa? Kwetu sisi hatukupewa jibu.

Tabibu wa Mjini

Hakuna dawa moja iliyothibitika kuurudisha nyuma. Tunalisaidia ini lijisaidie. Spironolaktoni na frusemidi kupunguza maji, kwa kupima figo na chumvi za damu mara kwa mara. Maji yakiwa mengi yanachotwa, na yakizidi lita 5 mgonjwa huwekewa albumini ya mshipani ili figo zisianguke. Baadhi ya vituo hutoa steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na kinga ya mwili) pamoja na asidi ya ursodeoksikoliki (dawa ya kusaidia nyongo), wengine huzitoa tangu siku ya tiba ili kukinga. Ushahidi wake si mkubwa, na kwa mwenye homa ya ini B steroidi bila kinga ya tenofovir au entekaviri inaweza kukiamsha kirusi na kumuua mtu haraka kuliko mionzi. Ndiyo maana nilifurahi sana kusikia mjomba hakuacha vidonge vyake. Kila mwenye homa ya ini B anayekwenda kupigwa mionzi ya ini awe ameanza dawa hizo kabla ya kupanda ndege.

Wengine hupona polepole kwa wiki na miezi. Wengine ini halirudi. Kinachotofautisha, kwa nilivyoona, ni nguvu ya ini kabla ya tiba na jinsi walivyowahi.

Shamba la Karafuu

Nimefuatilia uzi wote. Bado nina machungu yangu ila nimeelewa kitu. Naomba kuuliza, mwenye mgonjwa anayejiandaa kwenda aulize nini kabla? Binamu yangu kagunduliwa wiki iliyopita.

Tabibu wa Mjini

Allah amfanyie wepesi. Aulize: ini langu ni daraja gani leo, si la mwezi uliopita? Mtapiga kipande kimoja au ini zima, na kama pande zote mbili zina uvimbe, mnaweza kupiga upande mmoja kwanza mkangoja wiki kadhaa muone? Sehemu isiyopigwa itatosha kunibeba? Ataje pia kama alishawahi kupata dawa za kemikali za saratani au mionzi hapo, maana ini halisahau na dozi zinajumlishwa. Na swali ambalo nalipenda kuliko yote: nani atanipima damu nikiwa nyumbani wiki ya 2, ya 4, ya 6 na ya 8, na majibu atayasoma nani? Kama hakuna jina la mtu kwenye jibu hilo, safari haijakamilika kupangwa, hata tiketi ikiwa mkononi.

Bint Wete

Wapendwa, samahani kwa kimya. Tupo Unguja. CT imeonesha uvimbe umepungua na katikati yake umekufa, hakuna mpya. Kirusi hakionekani kwenye damu. Kwa hiyo madaktari wamekubaliana kuwa ini limeumizwa na mionzi yenyewe. Yuko kwenye dawa za kupunguza maji, walichota mara mbili. Bilirubini ilipanda mpaka 110, ikasimama, na leo ni 71, kwa kipimo cha huku. Anakula samaki wa kuchemsha, analalamika hana chumvi, jambo ambalo limenifurahisha.

India nao wamejibu hatimaye. Wameona picha, wamesema tiba imefanya kazi, na wanapendekeza aende tena baada ya mwezi kupigwa kipande cha kushoto ambako kuna kidoa kidogo. Wanawe wanataka kukata tiketi kabisa bei haijapanda. Tufanyeje?

Tabibu wa Mjini

Alhamdulillah kwa hiyo 71. Tiketi isikatwe. Uvimbe kupungua ni habari njema ya kweli, lakini ini lake sasa halina pa kupokea dozi nyengine. Kumpiga tena akiwa daraja la C ni kumtoa kwenye saratani na kumuua kwa ini. Waandikieni India leo, muwatumie bilirubini, albumini na INR za wiki hizi zote pamoja na habari ya maji, maana inaonekana wameangalia picha peke yake. Kidoa cha kushoto kifuatwe kwa CT au MRI baada ya miezi 2 au 3. Akirudi daraja la A, maji yakikauka bila dawa nyingi na bilirubini ikishuka chini ya 34 kwa kipimo chetu, mazungumzo yafunguliwe upya, na hata hapo njia ya kukichoma kidoa kwa sindano iulizwe kabla ya mionzi.

Damu ipimwe tena Jumatatu, pamoja na potasiamu kwa sababu ya spironolaktoni. Nitumie majibu hapa hapa, na uandike kipimo pembeni ya kila namba.